Ubavu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri. Saa tisa na robo dari la korido lilikuwa tayari linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, ingawa fundi wa paa alituapia kwamba pale hata jasho halitapita. Nimeweka ndoo. Nimeanza na daftari hili pia, kwa sababu mpiga pasi wetu kazini ameniambia, "Dada, wewe na hizo hasira, ama uandike ama upasuke." Nimechagua kuandika.

Hasira za leo ni mbili. Ya kwanza ni mashine ya kukaushia nguo. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia kwenye hoteli ya vyumba sitini, na mashine imekufa siku ileile mvua inaanza. Mashuka tunayaanika kwenye ngazi za dharura. Fundi amesema anakuja kesho.

Ya pili ni Baba na jeshi.

Nieleze, ili siku nikija kuyasoma haya nisijione mwehu. Kaka alipohamia mbali alituachia kompyuta yake, na ndani yake mchezo wa vita vya wafalme wa zamani, enzi za mawigi, farasi na gobore. Kuna mapigano kumi na mawili, na jeshi ni lilelile kutoka la kwanza hadi la mwisho. Kikosi kikipona kinaingia pigano linalofuata na uzoefu wake, kinaongezewa nyota, kinazidi kuwa kikali. Kikifa kimekufa, wanakuletea makuruta wasiojua hata bunduki inashikwa upande gani. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila zamu, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma kufuta kosa. Ramani ina vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na adui anaonekana akija, kijumba kimoja kimoja, mchana kweupe.

Tulianza kucheza baada ya kumzika Mama, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Jeshi letu ni moja. Baba anacheza zamu tatu asubuhi nikiwa kazini, mimi zamu tatu alasiri nikirudi. Hii ni mara ya nne tunaanza upya. Hatujawahi kuvuka pigano la tisa, na safari hii nimejiapiza tutafika la kumi na mbili.

Baba alikuwa mtunza stoo wa karakana miaka thelathini na nne, na stoo haijamtoka. Ana daftari kubwa lenye safu: kikosi, kimetoka, kimerudi, sababu, saini. Nikitaka kupeleka wapanda farasi vitani lazima nitie saini. Vikosi amevipa majina ya wenzake wa zamani: Karani, Mchomeleaji, Mlinzi wa Geti. Kimoja, askari wa miguu wenye nyota nne, bora kuliko vyote, kinaitwa Mama Watoto, kama alivyokuwa akimwita Mama. Kilipigana mapigano matatu ya mwanzo, kisha Baba akakifungia nyuma na hakijatoka tena. Nikimwomba, jibu ni lile la stoo: "Akiba haiozi."

Leo nimerudi nikakuta Mchomeleaji amekufa. Wapanda farasi wa nyota tatu! Adui kawaingilia ubavu wa kushoto. Kwenye daftari, safu ya sababu, Baba ameandika: "Adui katokea ghafla." Katokea ghafla kutoka wapi? Kila mtu hapa anasubiri zamu yake.

Jumanne, 5 Machi

Fundi hakuja. Mvua ilikuja.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka amepiga simu. Kuna mzee wa jirani yake amepimwa macho, sasa anataka na Baba apimwe. Baba akachukua pakiti ya dawa ya kikohozi, akavaa miwani yake ya kusomea, akamsomea kwenye simu yale maandishi madogo ya chini ambayo nadhani hata aliyeyaandika hakuyasoma. Kayasoma yote, mpaka tarehe ya kuharibika. "Umeridhika, bwana mkubwa?" Kaka akacheka, mimi nikacheka zaidi. Miaka sabini na moja na macho ya mwewe. Nikamwambia Kaka asitafute ugonjwa pasipo na ugonjwa, kwenda hospitali ya macho ni siku nzima ya foleni na mimi nina mashuka mia na ishirini kwenye ngazi.

Alhamisi, 14 Machi

Baba ameipiga ndoo teke, maji korido nzima. "Nani kaweka ndoo hapa?" Ndoo iko hapo tangu tarehe nne.

Jumapili, 17 Machi

Pigano la sita tumeshinda kwa tabu, lakini Mlinzi wa Geti amekufa. Kushoto tena. Sababu: "Adui katokea ghafla."

Nimejaribu upole. Nimempikia chai, nikakaa naye, nikamwonyesha ramani kwa kalamu. "Baba, kila unapopanga jeshi acha angalau kikosi kimoja huku kushoto. Kimoja tu. Hata makuruta." Akasema sawa, akaitikia kwa kichwa, mpole kama mwanafunzi. Aliponyoosha mkono kuchukua kikombe akakisukuma kikaanguka. Ile chai yote ikaenda kwenye daftari langu la zamu za kazini.  Nilifyonya, lakini ndani kwa ndani.

Ijumaa, 22 Machi

Fundi: kesho.

Jumanne, 26 Machi

Pigano la saba. Asubuhi kaniachia kushoto kukiwa kutupu kabisa, kama hatukuwahi kuzungumza. Nimeokoa wapiga ngoma kwa kudra tu. Nimemuuliza kama ananifanyia makusudi, akasema, "Makusudi ya nini, mwanangu?" na akaonekana kweli hajui nasema nini, jambo lililozidi kunikera. Kuzungumza naye ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ndoo imepigwa teke mara mbili wiki hii. Nimeihamishia upande wa pili wa uvujaji, nikaweka sufuria palipobaki. Sasa anapiga sufuria.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemsimulia mpiga pasi, tukiwa tunakunja mataulo yenye unyevu. Yeye vita vya wafalme havimhusu, lakini anapenda umbea wa aina zote.

"Anagonga vitu?" akauliza.

"Anagonga, anamwaga, anapiga mateke. Na ukimuuliza, kosa la ndoo."

"Mama mkwe wangu alikuwa hivyo. Kumbe presha ya macho."

"Baba anasoma maandishi madogo kama sisimizi. Macho hayana shida."

"Haya. Mimi nimesema." Akaendelea na taulo lake.

Nilimwona kama watu wote wanaojua ugonjwa mmoja na kumgawia kila mtu. Niliporudi nyumbani Baba alikuwa anasoma gazeti, kurasa za ndani, herufi ndogo, miguu juu ya kiti. Nikasema moyoni, huyo ndiye kipofu wenu.

Jumapili, 7 Aprili

Ninaandika, na sijui bado ninachosikia ni hasira au ni aibu.

Nimefika nimelowa hadi soksi. Meneja alikuwa amenifokea kwa sababu mgeni wa chumba cha arobaini amelalia shuka bichi. Baba alikuwa sebuleni, redio imezimwa, na redio ya Baba haizimwi hivihivi.

"Kuna habari," akasema. "Karani."

Karani ni mizinga. Nyota tano. Tumekuwa naye tangu pigano la kwanza, ndiye aliyetuvusha mto, ndiye niliyemtegemea kwa la tisa. Nikavuta kiti nikaangalia ramani. Katikati Baba alikuwa amepanga jeshi vizuri kweli: daraja kalishika, kilima kakishika, kila mtu mahali pake, kazi ya mtu anayejua. Kulia hivyohivyo. Kushoto hapakuwa na mtu. Adui alikuja na vikosi vinne vyenye bendera nyekundu, akapita shamba zima zamu zote tatu, akamkuta Karani amegeuza mgongo.

"Baba, hawa hukuwaona?"

"Walitokea ghafla."

"Ghafla vipi? Zamu ya kwanza walikuwa hapa. Ya pili hapa. Ya tatu hapa. Wamekuja taratibu kama watu wanaokwenda sokoni!"

"Usinipigie kelele. Mimi si mfanyakazi wako wa kufua."

"Wafanyakazi wangu wa kufua ningewakabidhi hili jeshi wangelirudisha zima. Mwenye macho haambiwi tazama, Baba!"

Akanyamaza. Ningeishia hapo lingekuwa gombano kama mengine. Lakini alivyonyamaza nikahisi nimeshinda, na mtu akihisi ameshinda ndipo anapofanya ujinga. Nikamwambia, "Kama kichwa kimeanza kuchoka, sema, nicheze peke yangu."

Nilitaka aumie kidogo. Kidogo tu, kiasi cha Karani. Uso wake ukabadilika namna ambayo sijaiona tangu siku ya mazishi. Akalifunga daftari la stoo, akalikandamiza kwa kiganja kana kwamba litafunguka lenyewe, akasimama akaenda chumbani. Bega la kushoto likagonga mlango.

Nimebadilisha nenosiri la kompyuta.

Jumatatu, 8 Aprili

Baba hajauliza. Nimecheza zamu sita peke yangu. Kushoto nimeweka vikosi vitatu, hakuna mtu aliyekufa.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeshinda pigano la nane. Nilipogeuka kumwambia, kiti kilikuwa kitupu. Anakaa barazani anatazama mvua. Chakula amekula nusu. Fundi: kesho.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeanza la tisa, nikaacha. Kucheza peke yako ni kama kukunja shuka peke yako. Nilitaka kumrudishia nenosiri leo, nikasubiri aniombe. Hakuniomba. Kiburi hiki tumegawana sawa, hakuna aliyepunjwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Saa tano asubuhi simu ikalia kazini. Muuza duka wa barabarani kwetu. "Dada, njoo. Mzee kagongwa." Sikusubiri amalize. Nilitoka na aproni, mpiga pasi akanikimbilia na viatu vyangu mkononi, maana nilikuwa nimevaa makubadhi ya plastiki ya kufulia.

Nilimkuta mbele ya duka, amekaa kwenye kiti cha muuza duka, kitambaa kichwani. Paji la uso limechanika, kifundo cha mkono kimevimba, ila anazungumza, na yuko hai. Aliyemgonga ni mtu mzima anayesambaza mikate kwa baiskeli. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda analia kuliko aliyegongwa, mikate yake imetapakaa matopeni.

"Nilipiga kengele, dada yangu. Nilijua ameniona. Barabara nyeupe, niko mimi na yeye tu. Anatembea, natembea, nikasema atasimama. Hakusimama!"

"Huyu hana kosa," Baba akasema. "Msimlaumu kabisa. Nilitoka kununua betri za redio. Ila alitokea ghafla."

Nilikuwa nimeshika pamba yenye dawa. Nikabaki nimeishika hewani.

Nikaitazama barabara. Mtu wa mikate alikuwa ametoka kushoto. Upande huo barabara imenyooka mpaka kwenye mnara wa simu, hakuna kona, hakuna gari lililoegeshwa, hakuna hata mti. Mtu akija kutoka kule unamwona akiwa mdogo kama kidole, anakua, anakua, mpaka anakufikia. Nilisimama pale nikaona vikosi vinne vya bendera nyekundu vinatembea shambani, na ndoo, na sufuria, na kikombe, na bega mlangoni. Yote kushoto. Wiki sita yote kushoto, na mimi nimeyaandika humu kwa mkono wangu mwenyewe bila kuyasoma.

Zahanati wamemshona nyuzi nne. Mkono haukuvunjika.

Nyumbani nimemkalisha kwenye kiti, nikakaa mbele yake, magoti yakigusana. "Baba, nitazame puani. Usigeuze macho. Sema ukikiona kijiko." Nikakileta kijiko kutoka kulia, mbali, karibu na sikio lake. "Hicho," akasema mara moja. Nikakileta kutoka kushoto. Kikapita sikio, kikapita shavu, kikaja, kikaja, yeye ananitazama puani kwa utii, ananisubiri nianze. Kilipofika karibu na pua yangu akasema, "Hapo." Nikarudia mara tatu nikitumaini nimekosea mimi.

"Kilikuwa wapi muda wote huo?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikakiweka kijiko mezani. Ndipo akaniambia. "Nilijua kuna kitu. Vitu havipo, halafu vipo. Baba yako mkubwa alianza hivyohivyo, unamkumbuka, mpaka mwisho hakumjua mkewe. Nikasema hiki ni kichwa. Na kama ni kichwa, heri nisijue. Halafu na wewe ukasema ni kichwa."

Nimeomba msamaha. Amesema yameisha. Hayajaisha, nayajua yaliyoisha yanavyofanana.

Alhamisi, 18 Aprili

Hospitali ya macho. Foleni tangu saa moja, kama nilivyomwambia Kaka, na ningekaa foleni hiyo mwezi mzima kwa furaha kama ingekuwa mwezi Machi.

Walimpima presha ya macho, nesi akaita daktari, na daktari akapima upya. Kisha wakamweka kwenye mashine kama bakuli kubwa jeupe, kidevu kikiwa juu ya kibao, mkononi kitufe. Taa ndogo zinawaka sehemu mbalimbali, ukiona unabonyeza. Mimi nilikuwa nyuma yake, naona kwenye skrini ya nesi kila taa inapowaka. Inawaka, Baba habonyezi. Inawaka, habonyezi. Nilitaka kumnong'oneza, "Baba, hiyo hapo." Nesi akanitazama kama mwalimu anavyomtazama anayetaka kumpa mwenzake jibu.

Daktari ni binti mdogo kuliko mimi, mwenye subira. Akatuwekea karatasi mbili mezani. "Palipo peusi ndipo hapaoni." Jicho la kushoto karibu lote jeusi. La kulia, nusu ya upande wa pua, ambayo ndiyo inayotazama kushoto, nayo imeliwa.

"Lakini anasoma," nikasema. "Anasoma herufi za kwenye pakiti za dawa."

"Ugonjwa huu unaanza pembeni, dada. Katikati unapaacha mwisho. Na mtu haoni giza. Ubongo unajazia, kwa hiyo anaona uwanja mtupu, shwari, halafu kitu kinamtokea."

"Ghafla," Baba akasema.

"Ndiyo, mzee. Ghafla."

Nikamuuliza tungekuja mwanzoni mwa Machi ingekuwaje. Akasema swali hilo halisaidii sasa. Nikamkazania. Akashusha kalamu. "Ugonjwa umemla miaka, si miezi. Lakini kwa presha iliyo juu hivi, hata wiki sita zina maana yake." Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua tangu mtoto. Nilikuwa sijawahi kuwa mimi niliyeimwaga ndoo.

"Kilichokwenda hakirudi," daktari akamwambia Baba, taratibu. "Kazi yetu ni kulinda kilichobaki. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, maisha yote."

Baba akafikiri. "Makuruta hamletewi?"

Daktari akanitazama nimtafsirie. Nikashindwa, nikatoka nje kidogo.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimempigia Kaka. Akasema, "Nilikwambia." Nimekata simu. Kisha nimempigia tena, kwa sababu ni kweli aliniambia.

Jumatano, 24 Aprili

Matone ni vita vingine. Anafumba jicho kabla tone halijafika, linatua shavuni, anasema limeingia. Nimemwambia mara saba avute kope ya chini. "Hunioni kama navuta?" Tumenuniana mpaka alasiri. Na ameanza kuringa: nikimshika mkono ngazini ananikung'uta, nikiacha kumshika anasema siku hizi hakuna mtoto wa kumshika mzee. Kwenye daftari la stoo amefungua ukurasa mpya wa matone, safu ni zilezile, na kila tone lazima nitie saini.

Nimemrudishia nenosiri. Amesema hataki.

Jumanne, 30 Aprili

Amekaa siku sita bila kugusa kompyuta. "Nitakuulia jeshi," anasema. Nikamwambia jeshi ni letu na likifa tutalizika wote. Hakucheka. Mwishoni nimekibeba kiti chake kwa nguvu, mwenyewe akisimama kando anauliza nafanya nini, nikakiweka mbele ya skrini. Changu nikakiweka kushoto kwake.

"Wewe amri," nikamwambia. "Mimi kushoto."

Hatukucheza vizuri. Mimi nasema "kijumba cha tatu," yeye anauliza cha tatu kutoka wapi. Tulifokeana zamu nzima. Lakini hakufa mtu.

Jumatatu, 6 Mei

Pigano la tisa tumevuka! Kwa mara ya kwanza. Baba alipiga kofi mezani, akaomba radhi kwa meza. Fundi: kesho, bila shaka.

Jumapili, 12 Mei

La kumi tumemaliza Alhamisi, la kumi na moja linatutesa. Tumebaki na vikosi tisa, vitatu ni makuruta. Nimemwomba Mama Watoto mara nne, na mara nne akiba haiozi. Zamani ningechemka. Leo pia nimechemka, tofauti ni kwamba nimekwenda kuchemkia jikoni.

Ndoo nimeiondoa. Nimenunua karatasi ya lami, nimepanda darini mwenyewe, nimeziba.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua imekata. Fundi amekuja. Ulikuwa waya mmoja, dakika kumi. Mpiga pasi amemtazama mpaka akaondoka kinyumenyume.

Jumapili, 19 Mei

Pigano la kumi na mbili. Jua limewaka tangu asubuhi, tukafunga pazia ili skrini ionekane. Nilikaa kushoto kwake. Kila mwanzo wa zamu aliuliza neno moja, "Kushoto?" na mimi nikamwambia: patupu. Patupu. Mmoja, yuko mbali. Patupu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayemuuliza mwenzake aliye dirishani kama mvua bado inanyesha.

Zamu ya kumi na nne alitaka chai. Kikombe kilikuwa mezani, upande wangu. Daktari amemfundisha kugeuza kichwa chote, basi akageuza shingo, akageuza na bega, akakitafuta, akakiona, akakichukua kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai. Kabla ya mvua hizi alikuwa anakichukua bila hata kuinua macho kwenye gazeti. Alipokwisha kugeukia skrini nikaanza kulia. Nilikuwa kushoto kwake, ndani kabisa ya ule weusi wa kwenye karatasi ya daktari, kwa hiyo sikujificha. Nililia mdomo wazi, bila sauti, kamasi na vyote.

"Futa uso," Baba akasema, macho kwenye ramani. "Macho ndiyo mabovu. Masikio ninayo."

Nikafuta kwa mkono wa blauzi.

"Kushoto?"

Nikatazama. Walikuwa wanatoka msituni, bendera nyekundu. "Vinne. Viwili ni farasi."

"Tuna nani huko?"

"Makuruta. Kikosi kimoja."

 Kidole chake kilikuwa kinapita kwenye jalada la daftari la stoo, kinakwenda na kurudi.

"Basi mtoe Mama Watoto," akasema. "Mweke huko kwako."

Nikanyoosha mkono kwenye kipanya. Akanishika kifundo.

"Saini kwanza."

Jumatatu, 20 Mei

Tumeshinda. Mama Watoto amerudi, nyota tano. Baba ameandika mwenyewe kwenye safu ya kurudi, herufi kubwa zimeparamia mstari wa juu. Nimetia saini chini yake, nikaenda kuleta matone.